Kalibu Moja, Mashine Elfu

Mtu anayekodi kompyuta 100 kwa muda wa saa tatu, akazitumia kupiga hesabu ya mvua ya siku tano zijazo, kisha akazirudisha kwa wenyewe kama watu warudishavyo viti vya arusi, hukabiliwa na suali ambalo mwenye kompyuta moja ya mezani halijui kabisa: mashine hizi zitakapoamka, zitakuwa zinajua nini? Kompyuta ya mezani hufundishwa polepole. Leo hutiwa programu hii, kesho huondolewa ile, na mwaka ukipita imekwisha kumzoea bwana wake na bwana wake amekwisha kuizoea. Kompyuta ya kukodi haina kesho. Huzaliwa saa mbili asubuhi, ikafa saa tano, na yote inayopaswa kuyajua sharti iwe imezaliwa nayo, au iambiwe katika dakika zake za kwanza, au ionyeshwe ghala ambako itayakuta. Uchambuzi huu unahusu njia tatu hizo na mpaka upitao baina yao, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona katika klasta za wingu hayakutokana na ugumu wa ufundi, bali yalikuwa ni mambo yaliyowekwa upande usio wake.

Kabla ya kuendelea yafaa maneno yawekwe sawa. Wingu ni majumba makubwa ya kompyuta yanayomilikiwa na matajiri wachache wa dunia, ambao hukodisha nguvu ya mashine zao kwa saa, na siku hizi hata kwa sekunde. Klasta ni kundi la kompyuta, kila moja ikiitwa nodi, zilizofungamanishwa kwa mtandao wa kasi ili zishirikiane katika hesabu moja. Na taswira ni nakala kamili ya diski, yenye mfumo endeshi na kila kilichotiwa juu yake, ambayo mwenye wingu huihifadhi kisha akainakili kila anapotakiwa kuwasha mashine mpya. Amazon, ilipofungua huduma yake ya EC2 kwa majaribio mnamo Agosti 2006, iliipa taswira jina la AMI, na wengine wakafuata kwa majina yao. Lakini mhunzi wa pwani angekiita kitu hicho kalibu, na kwa neno hilo moja angekuwa ameelewa jambo lote, kwani ajua kuwa ila iliyomo katika kalibu hutokea katika kila chombo kilichosubiwa humo.

Kadhia hii haikuletwa na wingu. Mwaka wa 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha mashine za bei nafuu zenye prosesa 16 za aina ya 486, wakaiita klasta yao Beowulf; na vyuo vikuu vingi, ambavyo havikuwa na fedha za kununua kompyuta kuu, vikaiga. Walakini kadiri nodi zilivyoongezeka ndivyo zilivyotofautiana. Fundi aliyeitengeneza nodi ya saba usiku wa Ijumaa alisahau kufanya vivyo hivyo kwa nodi ya thelathini, na baada ya miezi sita hapakuwa na nodi mbili zilizofanana, wala hapakuwa na mtu aliyejua zatofautiana kwa lipi. Waliotunga Rocks, programu ya kusimika klasta, katika kituo cha kompyuta kuu cha San Diego mwaka wa 2000, walitoa jawabu ambalo kwa wengi lilionekana kuwa la ubadhirifu: nodi ikitiliwa shaka isichunguzwe, bali ifutwe yote na kusimikwa upya tangu mwanzo. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ndiyo mama wa taswira za leo. Muradi wake ni kwamba nodi ya kazi haina haki ya kuwa na historia ya peke yake.

Wingu liliigeuza hukumu hiyo kuwa faradhi. Na tuichukue kwa mfano ParallelCluster, zana ambayo Amazon iliitoa mwaka wa 2018 kwa ajili ya kujenga klasta ndani ya wingu lake. Ndani ya klasta ya namna hiyo hukaa nodi kuu moja, iliyo macho daima, na juu ya nodi kuu hukaa Slurm, msimamizi wa foleni ambaye asili yake ni maabara ya Lawrence Livermore huko California, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtumiaji akileta kazi inayotaka nodi 40, Slurm huamuru nodi 40 zizaliwe; kazi ikiisha, na nodi zikakaa bure dakika 10, ambazo ndizo kaida ya zana hiyo ikiwa mwenyewe hakuibadilisha, huzimwa na kutoweka. Basi nodi ambayo katika chumba cha Beowulf ingaliishi miaka mitano, hapa huishi adhuhuri moja, na tendo la kuzaliwa, lililokuwa likitokea mara moja kwa miaka, hutokea mara mia kwa juma. Kila dakika ya uzazi huo hulipiwa. Fauka ya hayo, Slurm haina subira isiyo na kikomo: kwa kaida yake hungojea sekunde 60 tu tangu ilipotoa amri ya kuamsha nodi, na nodi isipoitika huiandika kuwa imeanguka, na kazi ikarudishwa katika foleni. Wajenzi wa klasta za wingu huurefusha muda huo, nao hawana budi; lakini kurefusha subira si dawa ya nodi nzito kuamka.

Katika kulitatua jambo hili watu wamegawanyika madhehebu mawili, na yote mawili yana hoja. Dhehebu la kwanza husema: chukua taswira tupu ya mfumo endeshi kama ilivyotolewa na wenyewe, na mengine yote yafanywe na hati ya amri inayosomwa nodi inapoamka. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kalibu ya kutunza. Ukitaka badiliko, unabadili mstari mmoja wa hati. Ubaya wake hauonekani kwa nodi mbili, huonekana kwa nodi 40 zinapoamka kwa pamoja, zote zikakimbilia kisima kimoja cha intaneti kuteka mzigo ule ule, na kisima kikazizuia kumi kati yao kwa kudhani kimeshambuliwa. Ubaya mkubwa zaidi ni ule usio na kelele. Programu iliyoko kisimani asubuhi yaweza kuwa toleo jingine jioni, hata nodi zilizozaliwa siku moja, kwa hati moja, zikawa si ndugu. Na hapo tumerudi kwenye maradhi yale yale ambayo watu wa San Diego waliyatafutia dawa.

Dhehebu la pili husema: tia kila kitu katika taswira, maktaba za hesabu, programu zote za watafiti, hata data za rejea, ili nodi iamke kamili kama kifaranga wa bata anayeogelea siku ya kwanza. Nimewahi kuiona taswira ya namna hiyo, yenye gigabaiti zaidi ya mia moja, na bwana wake akijivunia kwamba nodi zake hazipakui chochote. Hakujua kuwa zinapakua kwa siri. Katika EC2, diski inayotokana na taswira haiwi imenakiliwa yote wakati mashine inapowashwa. Vipande vyake hubaki katika hifadhi ya mbali, vikaletwa kimoja kimoja kila kinapoguswa kwa mara ya kwanza, na kwa hiyo programu kubwa inayofunguliwa mara ya kwanza hukokota miguu, ikampa mtumiaji dhana kwamba mtandao ni mbovu. Mtoa huduma huuza dawa ya ukokotaji huo, lakini kwa bei. Na programu moja tu ikihitaji toleo jipya, gigabaiti zote mia hazina budi kujengwa upya.

Baina ya madhehebu hayo mimi nashika mizani moja: kinachogusa chuma kikae katika taswira, kinachotambulisha nodi kiletwe wakati wa kuamka, na kinachomhusu mtafiti kikae katika ghala la pamoja. Maneno haya ni mepesi kusema. Uzito wake umo katika kuyafuata, hasa hilo la kwanza.

Kinachogusa chuma ni kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi, pamoja na draiva zote zinazoishikilia. Klasta ya hesabu kubwa hutofautiana na kundi la seva za kawaida kwa mtandao wake, kwa sababu nodi 40 zinazokadiria mvua hupashana habari maelfu ya mara kwa sekunde, na kuchelewa kidogo kwa moja hukawiza zote. Kwa ajili hiyo Azure, wingu la Microsoft, hukodisha mashine zenye InfiniBand, aina ya mtandao wa kasi, na Amazon tangu 2019 ina kifaa chake kiitwacho EFA, nacho huzipa programu za MPI, yaani zile ambazo nodi zake hupashana ujumbe, njia ya kuufikia mtandao bila ya kupitia mlango wa kerneli kila mara. Draiva ya kifaa hicho hujengwa kwa kerneli ya namba fulani. Draiva ya kadi za NVIDIA ni vivyo hivyo, na programu inayofungua mafaili ya Lustre, mfumo wa mafaili ya pamoja, ni vivyo hivyo. Watatu hao ni wageni watatu wanaokaa katika nyumba ya mtu, na mwenye nyumba, yaani kerneli, akihama usiku bila ya kuwaarifu, asubuhi wageni huamkia uwanjani.

Na mwenye nyumba huhama kweli. Mifumo endeshi ya leo imetiwa tabia ya kujisasisha yenyewe, tabia njema kwa kompyuta ya nyumbani na balaa kwa nodi ya klasta. Kwenye Ubuntu, sasisho la kujiendea huweza kuanza katika dakika ile ile nodi inapoamka, likashika kufuli la usimikaji wa programu, na hati yako ya amri ikabaki mlangoni ikigonga hata muda wa Slurm ukaisha. Nodi ikaandikwa mfu ilhali ni nzima. Au, katika kujenga taswira, fundi husasisha kila kitu kwa nia njema, kerneli mpya ikaingia diskini, yeye akasimika draiva juu ya kerneli ya zamani ambayo bado ndiyo iliyo macho, akafunga kalibu, na siku nodi ya kwanza inapowashwa kwa kerneli mpya haina mtandao wa kasi. Ubaya ni kwamba kazi haifi. MPI ikikosa njia ya kasi aghalabu hushika njia ya kawaida bila ya kupaza sauti, na hesabu iliyotazamiwa kwisha kwa saa tatu ikachukua saa kumi na moja, jawabu likawa sahihi na ankara ikawa ya kutisha. Kwa hiyo utaratibu ni huu: sasisha kwanza, washa mashine upya, hakikisha kerneli iliyo macho ndiyo utakayoifunga, kisha simika draiva, kisha fungia kerneli isibadilike, na uzime sasisho la kujiendea. Hapo hapo ondoa kizuizi cha kumbukumbu inayoweza kufungiwa na programu moja, kwani mitandao hii huhitaji kumbukumbu isiyohamishwa, na kaida ya mfumo endeshi huibania.

Slurm yenyewe nayo yahesabiwa pamoja na chuma, kwa kuwa ina sharti la umri: msimamizi aliye katika nodi kuu asiwe wa toleo la zamani kuliko watumishi walio katika nodi za kazi. Mtu akijenga taswira mpya yenye Slurm mpya, akaacha nodi kuu na toleo la mwaka juzi, atapata watumishi wasioelewana na bwana wao.

Sasa niingie katika lile la pili, kinachotambulisha nodi, nalo ndilo linalonitia hofu. Taswira hunakiliwa, ndiyo kazi yake. Basi siri yoyote iliyofungiwa ndani yake inanakiliwa pia, na taswira ikigawiwa kwa watu wa taasisi nyingine, au ikawekwa hadharani kwa kubonyeza mahali pasipo pake, siri imetoka na hairudi. Nodi za Slurm hutambuana kwa MUNGE, ambayo huzipa zote ufunguo mmoja wa pamoja. Mwenye ufunguo huo ndani ya klasta aweza kujifanya mtumiaji yeyote amtakaye. Programu ya MUNGE ikae katika taswira, naam, na namba za utambulisho za watumiaji wake wa mfumo zipangwe ziwe zile zile katika nodi zote, maana zisipolingana mafaili ya pamoja hugeuka kuwa ya watu wengine. Lakini ufunguo wenyewe uletwe nodi inapoamka, kutoka katika hazina ya siri au kwa nodi kuu. Tena kumbuka saa. Hati za utambulisho inazotoa MUNGE huishi dakika 5 kwa kaida, na nodi ambayo saa yake imepotoka kwa zaidi ya hapo hukataliwa kila inapobisha, kwa ujumbe ambao fundi mchanga huusoma mara tatu kabla ya kufikiria kutazama saa.

Mbali ya ufunguo huo kuna alama ndogo ndogo ambazo mashine hujiwekea yenyewe inapoamka mara ya kwanza: funguo za SSH za mashine, faili lenye namba ya utambulisho wa mashine, kumbukumbu za cloud-init, programu inayoiandaa mashine inapoamka, zinazosema kwamba kazi ya kuanza imekwisha fanywa. Kalibu ikifungwa na alama hizo ndani yake, nodi zote huzaliwa zikiwa na jina moja, na baadhi ya mifumo ikazipa anwani moja ya mtandao kwa kudhani ni mashine moja. Au cloud-init ikaruka baadhi ya kazi kwa kuamini kuwa ilikwisha zimaliza. Kabla ya kufunga kalibu, osha: alama hizo, historia ya amri alizoandika fundi, na ufunguo wake mwenyewe aliouacha ili aweze kurudi. Huo wa mwisho ndio unaosahauliwa kuliko yote, na ndio mlango wa nyuma usiohitaji mwizi hodari.

Kuhusu la tatu, programu za watafiti, nitasema machache kwa sababu kazi imekwisha fanywa na wengine. EasyBuild, iliyotoka Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, na Spack, iliyotoka Livermore, hujenga programu kwa maagizo yaliyoandikwa na kuziweka katika ghala ambalo nodi zote hulisoma. Hadhari ni moja: programu iliyojengwa katika nodi kuu yenye prosesa mpya, ikaambiwa itumie kila ujuzi wa prosesa hiyo, itaanguka papo hapo ikipelekwa kwenye nodi ya kazi yenye prosesa ya zamani, na mashine za Graviton za Amazon, ambazo ni za ukoo wa Arm, hutaka taswira yao na ghala lao. Wapo pia wanaofunga programu katika kontena, yaani kifurushi kimoja chenye programu na maktaba zake. Singularity, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer katika maabara ya Lawrence Berkeley mwaka wa 2015 na kuitwa Apptainer tangu 2021, ilipata kibali cha wasimamizi wa klasta kwa kuwa haikumpa mtumiaji mamlaka ya mkuu wa mfumo. Ni njia njema, ila kontena haiondoi haja ya taswira: draiva hubaki nje, chini yake.

Yabaki suali la nini hasa kinachopaswa kutunzwa, kalibu au maelezo ya jinsi ya kuifinyanga. Wajenzi wengi husema maelezo, nami nimo katika kundi lao. Packer, iliyotolewa na HashiCorp mwaka wa 2013, huchukua waraka wenye maagizo, ikawasha mashine ya muda, ikayatekeleza, ikafunga taswira na kuizima mashine. ParallelCluster nayo ina amri yake yenyewe ya kazi hiyo. Ajabu ni kwamba wenye ParallelCluster, katika maelezo yao wenyewe, huwashauri watu wasikimbilie kujenga taswira zao, kwa kuwa aliyejenga ya kwake hapati tena marekebisho yanayokuja na matoleo mapya mpaka ajenge upya. Ushauri huo ni wa haki, na mtu mwenye nodi nne na hati fupi ya amri aufuate. Mwenye draiva za kipekee, au nodi mia, hana budi kuubeba mzigo.

Walakini waraka nao si amana kamili, na hapa historia ya CentOS yatufundisha adabu. Kwa miaka mingi klasta nyingi za utafiti zilisimama juu ya mfumo endeshi huo wa bure. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8 itakoma mwisho wa 2021, miaka mingi kabla ya ahadi. Ili kuziba pengo hilo, Kurtzer yule yule akaanzisha Rocky Linux, na AlmaLinux ikatokea upande mwingine. CentOS 7 ikaishi hadi tarehe 30 Juni 2024, kisha anwani zilizokuwa zikigawa programu zake zikazimwa na mafaili yakahamishiwa katika makumbusho yake. Nyaraka safi kabisa, zilizoandikwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa pamoja na kila badiliko lake, zilikataa kujenga chochote siku hiyo, ilhali taswira kongwe zilizojengwa kwazo ziliendelea kuwaka kama kwamba hapakuwa na lolote. Basi aliyetunza waraka peke yake alipoteza, na aliyetunza taswira peke yake alibaki na mashine nzima isiyoweza kurekebishwa. Tunza vyote viwili, pamoja na nakala yako mwenyewe ya programu ambazo waraka unazitaja. Gharama ya kuhifadhi diski hutozwa kwa gigabaiti kwa mwezi, na kufuta jina la taswira si lazima kufute nakala ya diski iliyo nyuma yake. Nimeona ankara zilizojaa nakala za taswira ambazo hakuna aliyezikumbuka.

Kwa mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam kuna neno moja la ziada. Taswira za Amazon ni za kanda: iliyojengwa Ireland haionekani Cape Town, ambako kampuni hiyo ilifungua kanda mwaka wa 2020, mpaka inakiliwe huko na kupewa namba mpya, wala si kila aina ya mashine iliyopo Ulaya inapatikana kusini. Azure ilitangulia kufika Afrika ya Kusini mwaka wa 2019. Anayeanza kwa kujenga taswira kabla ya kuuliza ni mashine zipi zinazokodishwa katika kanda yake, na zina kifaa gani cha mtandao, huenda akasubu kalibu ya chombo kisichouzwa sokoni kwake.

Kuhusu majaribio, kipimo kimoja chatosha kuanzia: washa nodi mbili, si moja, kwa kuwa nodi moja haiwezi kuthibitisha mtandao, zipimie muda wa ujumbe kwenda na kurudi na wingi wa data zinazopita kwa sekunde, linganisha na namba za taswira iliyotangulia, na andika tarehe.

Ewe mwenye klasta, usingoje draiva ivunjike au anwani izimwe. Chagua siku moja ya mwezi huu, iweke kando taswira unayoitegemea, ujenge nyingine tangu mwanzo kwa waraka ulio nao, kisha uipe kazi ya nodi mbili, ukitazama saa.